Hilux ya Kale na Hilux Mpya

Askari anayekaribia kustaafu huota pikapu ya shamba, na mara nyingi huota Toyota Hilux. Lakini ipi? Gari hilo lilianza mwaka 1968, na difu ya mbele likaipata mwaka 1979. Dizeli za miaka ya 1980 zina pampu isiyotegemea kompyuta. Fundi wa kijijini huifungua chini ya mwembe akaifunga.

Zile za tangu mwaka 2015 zina nguvu zaidi, na nyingi zina mifuko ya hewa, jambo ambalo mama mwenye watoto hatalipuuza, na ni haki yake. Ila nozeli zake huharibiwa upesi na dizeli yenye maji au uchafu, na kuzibadili hugharimu fedha nyingi. Ile ya kale nayo ikaguliwe chesisi kabla ya kulipiwa. Kutu hujificha huko chini.