Nani Amemhamisha Nani?

Katika miaka yangu ya ualimu nilipokea barua za uhamisho si moja wala mbili. Barua ilitaja kituo kipya na tarehe ya kuripoti, na huko niendako palikuwa na darasa linalonisubiri. Huo ndio uhamisho. Basi hapa Nkome, ninaposikia redioni kwamba wananchi "wamehamishwa kupisha mgodi", nachukia. Kupisha! Mtoto humpisha mzee njiani kwa heshima. Hapishi nyumba yake ibomolewe.

Waingereza kwa jambo hilo wana kitenzi "evict". Asili yake ni Kilatini, "evincere", yaani kushinda kabisa, na mzizi wake ndio uliozaa "victory", ushindi. Kiliingia katika Kiingereza kwa mlango wa mahakama: kujirudishia mali kwa hukumu. Kwa hiyo neno lenyewe linakiri kwamba yuko aliyeshinda na yuko aliyeshindwa. Sisi tumechukua "hama", tendo ambalo mtu hulifanya kwa miguu yake mwenyewe, tukalitia viambishi viwili, na mshindi akapotea ndani ya sentensi. Wamehamishwa na nani?

Ugonjwa huu haukuletwa na dhahabu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kabla ya mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Tukaiita Operesheni Vijiji, na watu wakaacha miembe yao na makaburi ya wazee. Lakini angalau walionyeshwa mahali pa kwenda.

Bulyanhulu, wilayani Kahama, Agosti 1996, wachimbaji wadogo walionyeshwa wapi? Waliamriwa kuondoka upesi ili eneo lishikwe na kampuni ya Kikanada. Wapo waliodai kwamba watu walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakana. Sina haja ya kuamua ugomvi huo ili nijue kwamba ule haukuwa uhamisho.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Fidia hulipwa aliyepotewa. Aliyehama tu, wa nini kumlipa? Hapo ndipo neno laini linapomla maskini.

Ofisa ataniambia "kufukuza" ni neno la uchochezi. Basi aache hilo, achukue "kutoa", ila aandike mtendaji: kampuni fulani, kwa idhini ya fulani, imemtoa fulani katika shamba lake, tarehe fulani. Kisha atie sahihi.