Pumzi ya mfanyakazi

Umeme ukatikapo mjini, baadhi ya wenye maduka huwasha jenereta katika chumba cha nyuma. Mfanyakazi akiumwa kichwa, huambiwa ni uchovu. Kumbe moshi ule hubeba monoksidi ya kaboni, gesi iwezayo kuua, isiyo na rangi wala harufu. Pua haiwezi kuitambua. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka kikomo chake: kwa saa 8, isizidi miligramu 10 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Lakini kikomo kisichopimwa ni maandishi matupu. Basi hewa ipimwe kabla mtu hajaitwa mvivu, na jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Mfanyakazi aliuza nguvu zake. Pumzi yake hakuiuza.