Haki Isiyo na Mtetezi

Imekuwa ada katika zama hizi kwa vijana wetu kutunga na kurekodi kaswida, mashairi na hadithi, kisha kuvisambaza kwa njia ya intaneti. Kikundi kimoja huweza kuwa na mtunzi aliyeko Tanga, mwimbaji aliyeko Mombasa na mhariri wa picha aliyeko Muscat. Hili ni jambo la kheri. Lakini kazi yao inapoondolewa kwa madai ya kukiuka hakimiliki, ndipo wanapobaini kuwa walikuwa wengi katika kutunga, na kila mmoja yu peke yake mbele ya sheria.

Tuitazame sheria yenyewe. Mitandao mingi mikubwa, YouTube ikiwemo, ni mali ya kampuni za Marekani na hufuata sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1998. Mtu akidai kuwa kazi fulani imeibwa kwake, kampuni huiondoa upesi ili isibebe dhima. Aliyeondolewa kazi anaweza kupeleka ilani ya kupinga, na kazi hurejeshwa baina ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mdai awe amefungua kesi.

Mpaka hapo mizani yaonekana kuwa sawa. Hata hivyo, mpingaji aliye nje ya Marekani sharti aandike kwamba anakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya huko. Mdai hatakiwi kutoa ahadi ya namna hiyo. Je, kijana wa Tanga asiye na wakili ataweka saini yake hapo? Wengi hunyamaza, hata wale wenye haki.

Wenzetu wa Marekani hawakuachwa hivyo. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliondolewa video ya sekunde 29 ya mwanawe mdogo akicheza muziki wa Prince. Taasisi ya Electronic Frontier Foundation, iliyoasisiwa mwaka 1990, ilimsimamia. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa mdai hana budi kuzingatia kwanza iwapo matumizi hayo yanaruhusiwa na sheria. Mwaka huo wa 2007 iliasisiwa pia Organization for Transformative Works, inayowatetea wanaotunga kazi mpya kutokana na kazi za wengine.

Hatusemi kuwa kila aliyeondolewa kazi ameonewa. Wapo wachukuao sauti ya mwenzao pasi na ruhusa, na hao hawana hoja. Tunachosema ni kwamba mwizi na aliyesingiziwa hawawezi kupambanuliwa ikiwa mmoja wao hana wa kumsemea.

Wala tusidhani kuwa mawakili wa ughaibuni watatutosheleza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 huipa mahakama vigezo vinne vya kupima matumizi ya haki; sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huorodhesha matumizi yanayoruhusiwa. Linalofaa huko huenda lisifae hapa. Anahitajika mtu azijuaye zote mbili, na azieleze kwa Kiswahili.

Njia ipo. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Hao wamezoea mashauri ya ardhi na mirathi. Wafunzwe na hili. Vyama vya mawakili vya Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya vishirikiane, kwani kikundi chenye watu wa nchi tatu hakiwezi kutetewa na wakili anayeishia mpakani mwake.

Nao watunzi wasingoje janga. Waandikiane mapatano kabla ya kurekodi, watunze rekodi za awali pamoja na tarehe zake, na ruhusa waipate kwa maandishi. Wakili hodari hawezi kutetea kazi isiyo na ushahidi. Mwenye haki aingiapo katika shauri mikono mitupu, amemrahisishia mdhulumu kazi yake.