Oksijeni Ni Dawa ya Kuchungwa

Kila mwanafunzi wa kemia analijua jaribio hili: kijiti kilichozimwa, kikabakiwa na kaa jekundu, kikitumbukizwa katika chupa ya oksijeni huwaka tena papo hapo. Mwanafunzi huandika daftarini jina la gesi hiyo, akapata maksi zake. Maoni yangu ni kwamba somo hilo huachwa lingali nusu.

Nusu ya pili imo katika makao ya wazee. Huko Uingereza na Marekani, wazee wengi wenye ugonjwa sugu wa mapafu hupewa oksijeni kwa mpira wa puani. Oksijeni yenyewe haiungui. Husaidia vitu vingine viungue. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Kiasi hicho kikizidi, nguo, nywele na blanketi hushika moto upesi na kuungua kwa ukali usiozoeleka. Mzee awashaye sigara huku mpira ungali puani hulirudia jaribio letu, na kijiti ni yeye mwenyewe. Hata akiuondoa, gesi hubaki nguoni. Yafaa angojee angalau dakika 20 mahali penye hewa safi kabla ya kusogelea moto.

Mtungi nao una hatari zake. Ukijaa, kanieneo ya gesi iliyomo hupita mara 100 ile ya hewa tunayovuta. Grisi ikipakwa kwenye valvu yaweza kuwaka bila kiberiti. Tarehe 24 Aprili 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Tena, kwa baadhi ya wagonjwa wa mapafu, oksijeni ikizidi husababisha kabonidayoksaidi kulimbikizana katika damu. Kwa hiyo kipimo hutolewa na daktari, si na huruma ya mlezi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wauguzi. Sikubaliani nao. Amgeuzaye mzee kitandani, asogezaye mtungi na ajaye kumwamkia, aghalabu hawakusomea uuguzi. Elimu yao ya sayansi ilikomea sekondari. Kama hawakulisikia darasani, watalisikia wapi? Hapana budi, basi, swali la mtihani lisiishie kutaka jina la gesi. Liulize pia: kwa nini ni marufuku kuvuta sigara chumbani mwa mgonjwa atumiaye oksijeni?