Mpagazi Analala Wapi?

Novemba iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la wanafunzi sita wa shahada ya uzamili hapa Lausanne, mtu alituma jedwali. Lilikuwa na safu mbili: Zermatt, Uswisi, na Chamonix, Ufaransa. Tulitakiwa kuchagua mahali pa kwenda kuteleza kwa skii mwezi Februari. Mimi nilipewa kazi ya kujaza nafasi zilizobaki, kwa sababu nilionekana sina upande. Sikuwahi kukanyaga skii maishani.

Nilijaza vizuri, kama kazi ya darasani. Zermatt hairuhusu magari ya petroli kijijini. Unaacha gari Täsch na kuingia kwa treni. Nyaya zinakupandisha hadi mita 3,883, na ukiwa fundi unaweza kuteleza hadi upande wa Italia na kurudi. Chamonix ndiko ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, mwaka 1924. Aiguille du Midi, kilele chake kinachofikiwa kwa nyaya, kina mita 3,842. Miteremko ya Chamonix imetawanyika bondeni, hivyo unapanda basi kutoka mmoja hadi mwingine. Zermatt ni ghali zaidi. Kote kuwili unafika kwa treni, huku ukipitia Visp, kule ukipitia Martigny.

Nilipomaliza, nililisoma jedwali tangu juu hadi chini, nikagundua kwamba nalijua. Nimekua nalo.

Mimi ni wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wanaojiita wagumu. Kabla hata sijajua Kiingereza vizuri, nilijua kwamba wageni wana ugonjwa wa kulinganisha: Marangu au Machame? Marangu ina vibanda vyenye vitanda, Machame unalala kwenye hema. Marangu ni siku tano au sita, Machame ni sita au saba. Marangu wanaiita njia ya Coca-Cola, Machame njia ya wiski. Machame ina mandhari nzuri zaidi, wanasema.

Kwa baba mdogo tofauti ilikuwa nyingine kabisa. Njia ya Machame ina mahema, na hema halipandi mlima lenyewe. Meza, viti, mitungi ya gesi, vyote vina shingo ya mtu chini yake. Kanuni inasema mzigo usizidi kilo 20, na getini kuna mizani. Usiku, wageni wakishakula na kwenda kulala, lile hema la kulia chakula ndilo lililokuwa chumba cha wapagazi. Walilala humo wamebanana kama dagaa kwenye gunia, na waliamka kabla ya mgeni kutaka chai. Katika milinganisho yote niliyosoma baadaye, sikukumbuka hata mmoja uliokuwa na mstari huo.

Sasa mimi nami nilikuwa nimejaza mistari kumi na minne bila kuuona.

Basi nikaongeza wa kumi na tano: "Anayetuhudumia analala wapi?" Kundi likanyamaza. Baadaye rafiki yangu Mkenya akaandika, "Bro, hii ni likizo, si mkutano wa chama cha wafanyakazi." Kisha akanipigia na kuleta hoja nzito zaidi: "Bila hao wageni, huyo baba mdogo wako angekula nini?"

Ni kweli. Kwetu, karo nyingi za shule zimeshuka kutoka mlimani. Mwaka 2019, Serikali iliposema inafikiria kujenga usafiri wa nyaya Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji walikuwa wa kwanza kupinga. Waliona ajira zao zikining'inia kwenye waya. Kwa hiyo sisemi tugome, wala sisemi starehe ni dhambi. Ninachokataa ni ule usemi kwamba kazi yoyote ni afadhali kuliko kukosa kazi, unaotumika kufunga mazungumzo mahali ambapo yangepaswa kuanza. Baba mdogo aliitaka kazi. Alitaka pia godoro. Hivyo viwili havipingani.

Alps ina hatari yake ya pekee. Huko nyaya zimechukua mzigo, ndiyo maana ni rahisi kudhani hakuna anayebeba. Lakini kuna mtu anayesawazisha theluji usiku ili asubuhi uikute laini. Kuna anayeosha sahani za jibini lako. Zermatt ina jamii kubwa ya Wareno, na wengi wao wapo kwa sababu ya kazi za hoteli na ujenzi. Kwa kuwa kodi ya nyumba kijijini haishikiki, wafanyakazi wengi hulala mabonde ya chini na kupanda kwa treni alfajiri. Chamonix, nyumba zinazogeuzwa kuwa za wageni zimewabana wafanyakazi wa msimu hadi wengine hulala kwenye magari yao. Haya si siri, yanajulikana na kila anayeishi huko. Hayamo tu kwenye jedwali.

Tulikwenda Chamonix, kura nne kwa mbili, na sababu ilikuwa bei. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyoteleza, na nilifurahi, sitadanganya. Kijana aliyenipimia viatu nilimuuliza analala wapi. Alicheka, akasema kwenye gari lake, tangu Desemba. Akaongeza kwamba analipenda gari hilo na nisimwonee huruma.

Sikumwonea. Sikuuliza ili nimhurumie, kama vile sikuuliza bei ya tiketi ili niihurumie. Niliuliza kwa sababu jibu lake ni habari kuhusu mahali ninapopeleka pesa zangu, na habari hiyo ilistahili kukaa kando ya urefu wa mlima na idadi ya miteremko.

Najua wengi wenu hamtaiona Chamonix, wala hamna shida nayo. Lakini mnalinganisha Nungwi na Paje, Diani na Watamu. Mnatumiana picha za mabwawa na kujadili kifungua kinywa. Sisi tuliosoma tunapenda kusema kwamba watalii hawatuoni. Tukipata nauli, tunageuka wao kwa wiki moja tu.

Safari ijayo, kabla hujapiga kura, ongeza mstari mmoja. Piga simu hotelini na uliza: anayetandika kitanda changu, yeye analala wapi? Mpokeaji akisita, subiri kwenye simu mpaka ajibu.