Usiku wa Mtoto Mchanga Ni wa Nyumba Nzima

Katika malupango ya Katuba, ya Kenya na ya Ruashi nyumba zimekaribiana sana, na kilio cha mtoto mchanga saa nane za usiku husikiwa na watu wote. Kunapokucha maneno huanza. Mmoja husema maziwa ya mama hayatoshi. Mwingine huuliza kwa nini mtoto hajanunuliwa sirupu ya kumlaza. Wa tatu hushusha sauti na kuuliza ni nani katika jamaa ile ana mkono mbaya. Maneno hayo matatu yanatofautiana, lakini yote yanatafuta mkosaji. Na mkosaji huyo mara nyingi huwa ni mama, na wakati mwingine mtoto mwenyewe. Sisi twaona yafaa kwanza kufahamu jambo lilivyo, kisha kuuliza nani atasaidia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtoto wa chini ya miezi 3 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16. Saa hizo ni nyingi, ila kwa mtoto mchanga zimekatwa vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, naye hunyonya mara 8 hadi 12 kati ya mchana na usiku. Tena mwili wake haujajua kutenganisha mchana na giza; hujifunza polepole, kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Kilio nacho kina majira yake: huongezeka katika wiki za kwanza, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Hata baadaye watoto wengi wenye afya njema huendelea kuamka usiku, pengine hadi kupita mwaka mmoja. Kwa hiyo mtoto anayeamka, akanyonya na kulala tena, anafanya kazi yake ya kukua.

Tuyapime basi yale maneno matatu. Kuhusu maziwa, kilio si kipimo. Mtoto anayeongezeka uzito siku ya kilo, na anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, anapata maziwa ya kutosha. Kumpa maji au dawa za majani kabla ya miezi 6 kunamjaza tumbo bila kumlisha, na kunaweza kumletea kuhara.

Kuhusu sirupu, tuseme wazi. Baadhi ya dawa zinazomlaza mtoto zina promethazini, ambayo haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi yake. Mtoto aliyelazwa kwa dawa hiyo huonekana ametulia, na ndiyo maana hatari yake haionekani mapema. Vivyo hivyo kwa tone la pombe ambalo wengine hulitia kinywani mwa mtoto.

Kuhusu mkono mbaya, tunajua ni mazungumzo mazito katika mji wetu. Lakini tunajua pia yanaishia wapi: kwa nkambo anayefukuzwa nyumbani, au kwa mtoto anayekua akiitwa mchawi hadi akajikuta barabarani. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Anayenong’ona dhidi ya mtoto kwa sababu ya usingizi wake aelewe kwamba anawasha moto ambao yeye mwenyewe hataweza kuuzima.

Hatusemi kila kilio ni cha kawaida. Mtoto mwenye homa, anayekataa titi, anayepumua mbiombio, anayeshikwa na degedege au asiyeamshika apelekwe kituo cha afya usiku uleule. Kwetu malaria haingoji asubuhi.

Kwa usiku wa kawaida, mambo machache husaidia. Mchana mtoto akae penye mwanga, aongeleshwe, achezeshwe; usiku taa iwe ndogo na maneno machache, ili aanze kutambua tofauti. Alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto, ndani ya chandarua. Uingereza ilipowahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, kuanzia mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Tena, Lubumbashi iko kwenye kimo cha karibu mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Mtoto avikwe vizuri, lakini mbabula ibaki nje. Moshi wa makala ambao hauonekani wala haunuki huua jamaa nzima ndani ya chumba kilichofungwa.

Hayo yote yanahitaji mtu aliye macho. Hapo ndipo penye neno letu hasa: kwa nini mtu huyo awe mama peke yake?

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwataka wafanyakazi wake wakae kambini kwa muda mrefu pamoja na wake zao. Walitoka Kasai, Lomami, hata Rwanda. Nkambo na shangazi, waliozoea kumpokea mtoto mkononi mama apumzike, walibaki mbali. Kambini wakabaki watu wawili, na mmoja wao alitakiwa kazini asubuhi. Sisi twaamini kwamba hapo ndipo desturi ya kumwachia mama usiku wote ilipotia mizizi katika mji huu, na ya kwamba wengi huiita mila ya wazee bila kuuliza wazee waliishi namna gani. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana.

Baba hawezi kunyonyesha. Mengine yote anaweza. Anaweza kumbadili mtoto nguo, kumletea mama, kumpigapiga mgongoni baada ya kunyonya, kutembea naye akiwa begani. Akishika zamu tangu saa tatu hadi saa saba za usiku, akamwamsha mama kwa kunyonyesha tu, mama atapata usingizi unaomrudishia nguvu. Tunawasikia wanaojibu kwamba baba anashuka mgodini au anaendesha pikipiki, na usingizi barabarani ni kifo. Ni kweli, na zamu ipangwe kwa kutazama kazi ya kila mmoja. Lakini mama pia anabeba ndoo, anapika juu ya moto, anakwenda soko akiwa na mtoto mgongoni. Uchovu wake nao una hatari. Akiendelea kwa majuma kuwa na huzuni nzito, asilale hata mtoto anapolala, huo ni ugonjwa unaotibika, naye asindikizwe kwa muuguzi badala ya kukaripiwa.

Kugawana usiku kusieleweke vibaya. Sisi tunaofundisha tunawaona darasani mabinti wa miaka 12 wanaosinzia juu ya daftari kwa sababu wamembeba mdogo wao usiku kucha, huku kaka zao wamelala. Zamu ya mtu mzima isisukumwe kwa mtoto wa shule, na ile ya mvulana isisukumwe kwa dada yake.

Nanyi vijana, mna sehemu yenu hata kabla ya kuoa au kuolewa. Mama aliyejifungua jirani yenu anahitaji saa mbili za mchana: wawili wachote maji na kufua nguo za mtoto, mmoja amshike mtoto, yeye alale. Kikundi kinaweza kulipanga jambo hilo kama kinavyopanga mazoezi ya nyimbo. Tena tutazame mikesha yetu wenyewe. Kipaza sauti kinacholia hadi saa tisa za usiku kinamwamsha mtoto ambaye mama yake ametumia saa nzima kumtuliza; sauti ipunguzwe saa tatu inapofika. Na siku mtakaposikia katika lupango lile neno linalosemwa kwa sauti ya chini, kataeni kulipokea, kisha mkabishe hodi kwa mama yule na kumwuliza ni saa ngapi angependa mje kumshikia mtoto.