Mionzi ikiisha, kliniki isiishe

Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na majirani wakamwambia sasa amepona, kliniki ya nini tena? Jamani, mionzi huua seli za saratani, lakini virusi vya HPV vinavyoisababisha vinaweza kuchukua miezi kadhaa kutoweka. Vikiendelea kuonekana kwenye vipimo, hatari ya saratani kurudi huwa kubwa zaidi. Na waume zetu waelewe: virusi kuonekana leo si ushahidi wa uzinzi, maana huweza kukaa mwilini kimyakimya kwa miaka. Dada, ukiona damu ukeni tena baada ya mionzi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wahi hospitali. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 nao wapelekwe kupata chanjo ya HPV.